Mbegu Tulizozikausha kwa Joto la Kompyuta

Vijana wangu wa chumba cha mashine, mliniambia, "Simiyu, kabla hujaenda kulima vitunguu, tuachie hata karatasi moja." Basi hii hapa, na imezidi moja. Nimestaafu mapema, nywele bado nyeusi, kwa sababu kompyuta za siku hizi zinatosha juu ya meza na hazihitaji mtu wa kuzipepea. Sina kinyongo. Niliingia kazini na cheti cha darasa la saba na bisibisi ya kuazima, na ninatoka na bisibisi tatu zangu mwenyewe. Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye faili. Yule asiyepata usingizi akayasome huko. Mimi nitawaambia habari za joto, maana hiyo ndiyo kazi niliyofanya, hata kama kwenye kitambulisho waliandika kwamba mimi ni mtu wa baridi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kitale, miaka ya themanini, mwezi wa saba, na baridi ile inayomfanya mtu auonee wivu mkate ulio ndani ya tanuri. Chama cha ushirika cha wakulima kilikuwa kimeleta kompyuta ya kuweka rekodi za mahindi ya wanachama. Msifikirie hivi vitu vyenu vya mezani. Ile ilikuwa chumba kizima: makabati matatu marefu kunishinda, mapipa mawili ya diski yaliyonguruma kama kinu cha posho, na printa ambayo ikianza kuandika mtu anaacha kuongea. Viyoyozi viwili vilifanya kazi mchana na usiku ili mashine isishikwe na homa. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kumsaidia Bwana Harbans, fundi wa mitambo ya baridi ambaye familia yake ilikuwa na karakana mjini tangu baba yake. Mzee wa kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa vizuri, mikono mikubwa kama koleo, na hasira fupi sana kwa mtu anayeweka spana chini kwenye vumbi.

Alinizungusha nyuma ya jengo. Ndani tulikuwa tumetetemeka, huku mbele ya jengo upepo wa mlima unakata masikio, lakini pale nyuma, mahali mashine zinapotemea hewa yake, palikuwa pengine kabisa. Paka watatu walikuwa wamelala chali. Askari wa lango alikuwa ameanika soksi. Mama wa chai alikuwa ameweka karai la unga wa mandazi, amelifunika kwa leso, na unga umeumuka hadi unainua leso.

"Wewe kijana," Bwana Harbans akaniuliza, "hii mashine nafanya nini?"

"Inatengeneza baridi, bwana."

"Hapana! Hakuna fundi natengeneza baridi dunia hii. Baridi hapana kitu. Joto ndiyo kitu. Kompyuta nakula stima, natapika joto. Sisi nabeba hiyo joto ndani, natupa nje. Sisi hamali tu."

"Na huko nje inafanya nini?"

Akawatazama wale paka. "Huko nje nalea paka."

Nilicheka, lakini neno hilo halikunitoka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mwenye ndoto nyingi kuliko shati. Nyumbani kwetu mama aliamka kila siku kutafuta kuni za kuchemshia maji ya kuoga ya watoto, na hapa joto linatupwa kwa paka. Nikanunua daftari la mistari. Nikachora bafu la umma lenye maji ya moto kutoka kwa kompyuta. Nikachora wodi ya akina mama waliojifungua. Makarani waliliona siku moja, wakalisoma kwa sauti wakati wa chai. "Huyu ati anataka kuogesha Kitale nzima kwa jasho la kompyuta! Sasa tutaitisha sabuni kwa meneja, ama?" Nikacheka nao, kisha nikaomba daftari langu. Siku zote nimeona ni afadhali kucheka na watu kisha kuendelea.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kipimajoto cha kioo ndani ya bomba la bati, geji mbili za kupimia mgandamizo wa gesi, brashi laini ya kufulia, na kitana cha chuma. Hicho kitana wengi wenu hamkijui. Kila kiyoyozi kina sehemu ya nje yenye mapezi membamba ya bati, mamia, yamesimama pamoja kama kurasa za kitabu. Hewa hupita katikati yake ikichukua joto. Pezi likipinda, hewa inakosa njia, na kitana ndicho cha kuyanyoosha, polepole, ukiwa umechuchumaa. Nimechuchumaa miaka kumi na kitu. Magoti yangu yanaweza kushuhudia.

Bwana Harbans alinifunza kushika bomba kwa upande wa nyuma wa mkono, maana ngozi ya kiganja cha fundi ni nzito na husema uongo. Alinifunza kuandika vipimo kila baada ya saa mbili: joto la chumbani upande mmoja wa ukurasa, joto la hewa ya nyuma upande wa pili. Na alinifunza somo moja kubwa msimu wa kuvuna, makapi ya mahindi yalipopeperuka kutoka ghalani yakaziba mapezi yote. Chumba kikapata moto, kompyuta ikazimika, makarani wakatoka nje wakijipepea na risiti. Mimi nilikimbilia kugeuza swichi za ndani. Yeye alinishika kola.

"Huko hapana ugonjwa. Ugonjwa iko nje. Joto, wewe nafunga yeye mlango, yeye narudi ndani na ndugu zake wote."

Tukapiga brashi mapezi, na chumba kikapoa kabla chai haijapoa. Nilisikia somo. Kulisikia na kulishika ni mambo mawili, mtaona.

Miaka ya tisini ilipoingia, Kitale ilipata kompyuta mpya, ndogo, na ile ya zamani ikateremshwa Bungoma kwenye tawi letu, kama shati la kaka mkubwa. Bwana Harbans alikuwa amefunga karakana na kwenda kuishi na binti yake. Mimi nikateremka na mashine. Nilijua sauti zake kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake.

Nilipanga chumba Kanduyi, kwa Mama Nekesa. Huyu alikuwa mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha pale, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mto wa pili. Kikundi chake kilikuwa na kitu kimoja walichokithamini kuliko vyote: mbegu. Si hizi za pakiti. Ilikuwa mahindi ya kienyeji, meupe, yenye punje za zambarau hapa na pale, ambayo bibi zao walipanda na mama zao wakapanda. Yalistahimili jua, hayakusumbuliwa sana na dumuzi, na ugali wake hauhitaji mboga nyingi. Kila mama alikuwa akichagua mahindi yake bora, anayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko. Moshi unafukuza wadudu, joto la jikoni linakausha taratibu. Mwaka nenda mwaka rudi.

Mwaka ule akaja bwana mmoja wa semina. Akawaambia kuning'iniza mbegu kwenye masizi ni mambo ya kizamani. Wapukuchue, waweke kwenye magunia, wahifadhi pamoja katika stoo moja. Akina mama wakaona si vibaya, wakaenda na wakati. Wakapukuchua mbegu yote ya wanachama wote, magunia saba, wakaiweka kwenye stoo ya mabati nyuma ya kanisa. Mvua ya mchana ya Bungoma haikuhudhuria semina. Ikainua bati moja, ikanyesha ndani siku mbili kabla mtu hajafungua mlango.

Jioni niliporudi kutoka kazini nilimkuta Mama Nekesa amekaa kwenye kigoda, gunia limefunguliwa mbele yake, mkono umezama ndani hadi kiwiko.

"Mulembe, mama," nikamsalimu.

"Mulembe wa nini, Simiyu? Weka mkono hapa."

Nikaweka. Katikati ya gunia palikuwa na joto bovu, joto la kitu kinachoanza kuoza.

"Si muanike?"

"Kwa jua gani? Si unaona hii mvua? Asubuhi mawingu, mchana maji. Na ukikausha kwa sufulia unakaanga, hiyo ni bisi, si mbegu. Na siwezi kuning'iniza punje moja moja juu ya meko, ama niishone kama shanga?" Akatoa mkono, akanusa vidole. "Tulipukuchua yote, Simiyu. Yote. Hakuna mama alificha hata hindi moja. Hii ikikufa, imekwisha. Hakuna duka inauza."

Kisha akanitazama. Akina mama wengine wawili walikuwa hapo, na mmoja akasema kwa mzaha wa mtu aliyechoka kulia, "Wewe si unaitwa Simiyu? Jina lako ni kiangazi. Basi tuletee kiangazi."

Msiniulize kwa nini nilisema, lakini nilisema. "Kiangazi kiko. Kiko nyuma ya ofisi yetu."

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa meneja wa tawi, Bwana Barasa, kabla hajavua koti. Mtu mwema, mwoga wa mambo mawili: simu kutoka Kitale, na kompyuta kuzimika. Nilimweleza kwamba hewa inayotoka kwenye viyoyozi vyetu ni kavu na ina joto la nyuzi thelathini na tano hadi thelathini na nane, kwa daftari langu. Mbegu ya kupanda haitaki zaidi ya arobaini. Ikizidi hapo kiini kinakufa. Yaani ile hewa tunayotupa, hata ungeagiza kwa barua usingepata inayofaa zaidi. Nijenge kibanda nyuma, niipitishe ndani yake, basi.

"Na mashine ikizimika?"

"Haitazimika, bwana."

"Simiyu. Ikizimika hata mara moja, hicho kibanda kinatoka saa hiyohiyo, mbegu iwe imekauka isiwe imekauka. Tumesikizana?"

"Tumesikizana."

"Na isije ikaonekana kutoka barabarani."

Siku hiyohiyo tulianza. Nilipata mabati ya zamani, nikakunja mfereji mpana wa kuipokea hewa ya kiyoyozi na kuipeleka ndani ya kibanda cha miti na turubai. Shemeji ya Mama Nekesa analima kahawa upande wa Lwakhakha; akatuletea nyavu kumi na mbili za kuanikia kahawa, zile za fremu ya mbao. Tukazipanga kama rafu, moja juu ya nyingine. Akina mama wakamwaga mahindi juu yake, unene wa vidole viwili. Mlango mmoja wa hewa kuingilia, mmoja wa kutokea juu. Mama Nekesa aliingia, akasimama katikati, akafumba macho.

"Hii joto, kuni yake iko wapi?"

"Hakuna kuni, mama. Ni mashine inafikiria huko ndani."

"Yaani ikifikilia inatoa joto?"

"Sana."

"Basi marehemu bwana yangu hakuwa anafikilia, maana alikuwa na miguu baridi."

Zipora, karani aliyekaa ndani na kompyuta, mchapakazi na mwenye mdomo mkali kama wembe mpya, alicheka dirishani hadi akasahau kubadilisha karatasi ya printa.

Kupima ukavu tulitumia chupa ya soda na chumvi. Unaikausha chumvi, unaweka vijiko viwili kwenye chupa kavu, unajaza mahindi hadi theluthi moja, unatikisa, unaiacha kidogo. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote, yamekauka. Ni kipimo cha akina mama na hakijawahi kuharibika betri.

Siku ya kwanza chumvi iligandama. Siku ya pili iligandama. Siku ya tatu asubuhi nikanusa wavu wa katikati, nikapata ile harufu, ya chini kabisa, ya ukungu. Mama Nekesa naye aliinusa. Alianza kuchambua punje zenye doa moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye leso, na jinsi alivyozichambua kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto, iliniumiza. Mimi ni mtu wa kuumia haraka. Nikaamua hakuna punje itakayooza mbele yangu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilifikiri, joto halitoshi. Na njia ya kuongeza joto ni ipi? Ni kulizuia lisitoke haraka. Nikachukua magunia mawili matupu, nikaziba mlango wa juu wa kutokea, nikaacha upenyo kama wa mkono. Nikapima baada ya nusu saa: arobaini na moja. Nikajisemea, kidogo tu, si mbaya. Nikaitwa mbele kurekebisha waya wa taa, kazi ikavuta, nikasahau saa.

Nilichosikia ni Zipora, anapiga kioo cha dirisha kwa rula.

"Simiyu! Huku kunachemka! Thelathini tayari! Njoo, bana!"

Nikakimbia na nikafanya nini? Nikaingia ndani. Miaka yote ile, na bado nikakimbilia swichi za ndani kama siku ya makapi. Kiyoyozi cha kwanza kilikuwa kimejizima chenyewe, kimezidiwa na mgandamizo. Cha pili kikazima nikiwa nakitazama. Mapipa ya diski yalibadilisha sauti, yakashuka, yakashuka, yakanyamaza. Kwa mtu wa kazi hii hakuna kelele kubwa kama kimya cha kompyuta.

Bwana Barasa alitoka ofisini polepole. Wala hakupandisha sauti.

"Imezimika?"

"Imezimika, bwana."

"Stima?"

Ningeweza kusema stima. Bungoma wakati ule mtu akisema stima hakuna aliyeuliza swali la pili. Zipora alinitazama, na nafikiri alikuwa tayari kuitikia.

"Si stima," nikasema. "Ni mimi. Nilifunga njia ya hewa ili kibanda kipate moto. Joto likarudi ndani."

"Basi kibanda kinatoka."

Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, maji ya mvua yakimdondoka. Alisikia yote. Akafungua mdomo, mimi nikainua mkono kumwomba anyamaze kidogo.

"Bwana, kosa ni la mtu, si la kibanda. Nipe hadi saa kumi. Nitakiweka sawa, nawe utakuja na kipimajoto chako mwenyewe, si changu. Chumba kikiwa na joto zaidi ya lile tulilokuwa nalo kabla ya kibanda, nitakibomoa kwa mikono yangu, na barua ya kuacha kazi nitaandika leo."

"Wewe hujui kuandika barua ya ofisi," Zipora akasema.

"Utaniandikia."

Bwana Barasa alitazama saa yake. Akamtazama Mama Nekesa. "Saa kumi," akasema, akarudi ndani, akaifunga simu yake kwenye droo nikimwona.

Nilitoka nikang'oa yale magunia, nikakaa chini kwenye matope kwa dakika moja nzima, kwa sababu mtu mwenye haraka akifikiri amesimama hufikiri kwa miguu. Kinachokausha nguo ni nini? Jua? Mbona siku ya mawingu yenye upepo zinakauka? Ni hewa inayopita. Nilikuwa nimeyanyima mahindi upepo nikiyapa homa. Na mimi na akina mama tulikuwa tumeyamwaga nene mno. Hewa ilizunguka rundo badala ya kupita ndani yake.

"Mama, tupunguze. Unene wa kidole kimoja tu."

"Basi nyavu haitatosha."

"Tutafanya kwa zamu. Nusu leo, nusu baadaye. Ile inayosubiri mkaigeuze kila mara, isilale."

Wakashika kazi, akina mama sita. Mimi nilikuwa na feni moja ya akiba kwenye stoo, nzito, ya kiyoyozi kilichokufa Kitale. Nikaifunga kwenye mlango wa juu, ikitazama nje, ili ivute. Nilikuwa naogopa kuiwasha. Ilipopata mwendo turubai liliingia ndani kama tumbo la mtu anayevuta pumzi, na hewa ikaanza kupita nyavu zote, unaisikia kwenye vifundo vya miguu.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Kabla ya kibanda, hewa yetu ya moto ilikuwa inagonga ukuta wa uani na nusu yake inarudi kwenye mapezi. Viyoyozi vilikuwa vinameza matapishi yao wenyewe tangu siku tulipovifunga, na hakuna aliyejua. Sasa feni iliikamata yote na kuitoa juu. Tuliwasha kompyuta saa tisa. Saa kumi Bwana Barasa alikuja na kipimajoto chake, cha kupimia homa ya ng'ombe, kwa kuwa hicho ndicho alichokuwa nacho. Kilikataa kushuka hadi chini vile. Ikabidi atumie changu hata hivyo.

Alikisoma. Akakipangusa. Akakisoma tena. Akafungua daftari langu na kutafuta kurasa za mwezi uliopita.

"Ni chini," akasema.

"Nyuzi mbili."

"Chini kuliko kabla ya kibanda."

"Ndiyo, bwana."

Akanirudishia daftari. "Paka wasiingie humo ndani," akasema, na hiyo ndiyo ruhusa iliyokiacha kibanda kisimame hadi leo.

Siku mbili baadaye chumvi ilianguka. Mama Nekesa aliitikisa ile chupa mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara chumvi ikatelemka hadi chini kama mchanga. Nusu ya pili ilikauka kwa siku mbili pia. Akina mama walishangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu kukauka si kuishi. Kulikuwa na nyavu mbili za juu ambazo siku ya kosa langu zilikaa kwenye joto nisilolipima, mahindi yake nikayatenga, na mbegu ikipikwa haibadiliki rangi. Inakaa nzuri, inang'aa, imekufa. Wangeipanda, wakangoja, na wangejua wakati mvua ya kupandia imeshapita.

Nilimweleza hivyo, uso kwa uso. Akasema, "Basi tujue sasa." Alihesabu punje mia moja kutoka mahindi ya nyavu zile mbili, na mia moja kutoka kwa nyingine. Akazipanga kwenye vitambaa viwili vya gunia vilivyoloweshwa, akavikunja kama mtu anayefunga mtoto, kimoja akakifunga uzi mweusi, kile cha nyavu zangu. Tukaviweka kibandani. Kila asubuhi alivinyunyizia maji. Kila asubuhi nilipita mbali.

Siku ya sita aliniita mchana. Zipora alitoka, hata Bwana Barasa alisimama mlangoni akijifanya anatazama mvua. Mama Nekesa akafungua kwanza ule uzi mweusi. Punje zilikuwa zimevimba, zimelala. Akazigeuza moja moja kwa kidole. Kumi na tisa zilikuwa na mkia. Nyingine zote, kimya.

Nilisema tu, "Mama."

"Hiyo tutakula," akasema. "Gunia moja na kidogo. Nimeona hasara kubwa kuliko hiyo kwa mtu mwenye digrii."

Akafungua cha pili. Kabla hajakikunjua chote niliziona: mizizi myeupe, membamba, imechomoza na kushikana na nyuzi za gunia hata kitambaa hakitaki kuachia. Tulihesabu pamoja, yeye kwa Kibukusu, mimi kwa Kiswahili, tukafika tisini na mbili sote wawili. Magunia matano na zaidi. Kanduyi yote ingepanda.

Nilidhani atapiga vigelegele. Badala yake alilowesha kitambaa tena, akakikunja juu ya zile chipukizi taratibu, akazichukua na zile kumi na tisa pia, akaziweka kwenye mkunjo wa leso yake.

"Unazipeleka wapi?" Zipora akauliza. "Hiyo ilikuwa ya kupima tu."

"Nyuma ya jiko yangu. Imeamka tayari, na si wakati wake, lakini imeamka. Nitaiambia nini, ilale tena?"

Akajifunika kichwa kwa gunia, akaingia kwenye mvua kwa hatua ndogondogo, mkono mmoja umeshika leso tumboni.